Ulipima Lini?

Ndugu zangu wanafunzi, waheshimiwa walimu, na nyote mnaoshinda na kukesha na data: shikamooni mlionitangulia, na wengine hamjambo. Wapo ambao hawakuweza kufika, kwa hiyo naweka hapa yote niliyoyasema, kwa mpangilio uleule, bila zile picha za ukutani.

Ukikabidhiwa orodha ya vipimo 300, kila kimoja na saa yake, ukaambiwa utafute kama humo kuna jambo linalojirudia, utaanzia wapi? Najua wengi tunaanzia wapi. Tunakimbilia safu ya pili, safu ya thamani. Tunaichora, tunaiingiza kwenye programu, tunangoja kilele kijitokeze kwenye grafu, na kikijitokeza tunafurahi. Leo nawaomba muanzie safu ya kwanza. Safu ya saa. Kabla hujauliza umepima nini, jiulize: ulipima lini?

Darasani tulifundishwa kana kwamba vipimo huja kwa hatua sawa, kimoja kila sekunde au kimoja kila saa. Kwa vipimo vya namna hiyo hesabu ni tamu. Njia ya haraka ya Fourier, yaani hesabu ya kuvunja data kuwa mawimbi ya kasi mbalimbali, ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965 na ambayo Gauss alikwisha kuiandika katika karatasi zake mnamo 1805, inafanya kazi kubwa kwa muda mfupi sana. Lakini ina sharti: nafasi zilingane. Sasa niambieni, nani hapa ana data ya kweli isiyo na pengo hata moja? Mawingu yanatanda. Kunakucha. Chombo kinaharibika. Mgonjwa anavua kifaa akalale. Barafu ya kale ya Antaktika, iliyochimbwa pale Dome C kwa zaidi ya kilomita 3 kwenda chini ili kusoma miaka 800,000 ya hali ya hewa, imeshindiliwa na uzito wake yenyewe. Sentimita moja ya juu na sentimita moja ya chini hazibebi idadi moja ya miaka. Ukipima kwa hatua sawa za kina, umepima kwa hatua zisizo sawa za wakati.

Kwa hiyo nafasi zisizolingana ni hali ya kawaida ya mtu anayepima vitu halisi. Na watu walizikabili zamani sana, kabla ya kompyuta.

Mnamo Novemba 1782, katika mji wa York nchini Uingereza, kijana aitwaye John Goodricke aliona nyota ya Algol imefifia. Goodricke alikuwa kiziwi tangu utotoni, na alikuwa na umri wa miaka 18. Akaendelea kuitazama usiku baada ya usiku, kila mbingu ilipokuwa wazi. Fikirieni alichokuwa nacho mkononi: nyakati chache za kufifia, zimetawanyika, na katikati yake mchana, mawingu na usingizi. Algol hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49. Maana yake ni kwamba, ukiiona imefifia leo usiku, itafifia tena siku ya tatu, lakini saa 3 na dakika 11 mapema zaidi. Siku ya sita itatangulia tena kwa saa 3 na dakika 11. Baada ya hapo kufifia kunaangukia mchana na huoni kitu kwa siku nyingi, hadi kurudi upya usiku.

Goodricke alifanyaje? Alijua kwamba kati ya kufifia alikokuona na kwingine alikokuona, lazima ipite idadi kamili ya mizunguko, hata kama hakuishuhudia. Labda mmoja, labda saba, labda kumi na tano. Akatafuta kipindi kimoja kinachoridhisha nyakati zote kwa pamoja. Mwaka 1783 matokeo yake yakasomwa mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, na kipindi alichokitaja kiko ndani ya dakika chache za kile tunachokijua leo. Walimpa nishani ya Copley mwaka uleule. Alifariki mwaka 1786, akiwa na miaka 21.

Angalieni vizuri alichokifanya na asichokifanya. Hakujaza mapengo. Hakubuni thamani za nyakati za mchana ili hatua zake zilingane. Alichukua saa alizokuwa nazo, akauliza: ni kipindi gani kinachopatana na saa hizi? Swali hilo ndilo msingi wa mbinu zote za leo.

Mbinu inayotumika zaidi ina majina mawili, Lomb na Scargle. Nicholas Lomb aliichapisha mwaka 1976, na Jeffrey Scargle akaieleza kwa undani mwaka 1982. Kabla yao Barning na Vaníček walikuwa wameshapita njia hiyohiyo katika miaka ya 1960. Wazo lenyewe halihitaji hofu. Unachagua masafa moja, yaani idadi ya mizunguko kwa siku. Unachukua wimbi laini lenye masafa hayo. Unalisogeza mbele na nyuma, unalikuza na kulipunguza, hadi lipite karibu kabisa na vipimo vyako, kwenye saa zilezile ulizopima na si nyinginezo. Unaandika limekaribia kiasi gani. Kisha unakwenda kwenye masafa yanayofuata, na yanayofuata, hadi umalize. Ukichora matokeo, unapata periodogramu: kilele kirefu ni pale ambapo wimbi limeshikana na data vizuri.

Hapa nina ombi moja la kiufundi. Tumieni toleo linaloruhusu wastani wa wimbi uelee, lile ambalo Zechmeister na Kürster walilieleza mwaka 2009. Matoleo ya mwanzo hutoa kwanza wastani wa vipimo, kana kwamba wastani wa vipimo ndio wastani wa nyota. Lakini kama bahati mbaya ulipima mara nyingi nyota ikiwa imeng'aa na mara chache ikiwa imefifia, wastani wako umeegemea upande mmoja, na kosa hilo linaingia kwenye kila kitu kinachofuata.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusijaze tu mapengo kwa kukadiria, halafu tutumie njia ya haraka? Nilitegemea swali hilo, na jibu lake liko kifuani mwa kila mmoja wetu.

Moyo haupigi kwa hatua sawa. Muda kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika, na madaktari husoma mabadiliko hayo ili kujua namna mfumo wa neva unavyouongoza moyo. Wanatazama mabadiliko ya polepole, kati ya hezi (mizunguko kwa sekunde) 0.04 na 0.15, na ya haraka, kati ya 0.15 na 0.4, ambayo yanafuatana na pumzi. Sasa tazameni ajabu iliyopo: kipimo kimoja kinapatikana kila moyo unapopiga. Anayechagua saa za kupima ni moyo wenyewe! Desturi ya wengi imekuwa kuvuta mistari kati ya pigo na pigo, kuchukua thamani mpya kwa hatua sawa, tuseme mara 4 kwa sekunde, kisha kuingia kwenye njia ya Fourier.

Nini kinatokea? Tuseme wimbi lilifika juu kabisa katikati ya vipimo viwili. Ukivuta mstari kutoka kipimo hadi kipimo, ile sehemu ya juu umeikata. Wimbi la polepole halidhuriki sana, kwa sababu vipimo vingi vinaangukia kwenye mgongo wake. Wimbi la haraka linapoteza kimo kila mara. Kwa hiyo upande wa pumzi unaonekana dhaifu kuliko ulivyo, na udhaifu huo haumo moyoni mwa mgonjwa. Umo kwenye mistari uliyoivuta wewe. Laguna, Moody na Mark walilionyesha hili mwaka 1998, wakaonyesha pia kwamba njia ya Lomb, inayotumia mapigo pale yalipotokea, haina ugonjwa huo. Mimi naona uzito wa jambo hili ni mkubwa sana, kwa sababu huyu ni binadamu na si nyota.

Sasa tuje kwenye kiini cha nilichotaka kuwaambia. Kutojaza mapengo hakukuokoi na kila kitu. Mapengo hayakujazwa, lakini bado yapo, na yanaacha alama. Ni kama kumtazama mtu anayepita nyuma ya uzio wa fito: sehemu ya unachokiona ni mtu, na sehemu ni uzio.

Iko nyota iitwayo 55 Cancri, umbali wa miaka ya nuru 41 hivi. Mwaka 2004 ilitangazwa sayari inayoizunguka kwa karibu, kwa kipindi cha siku 2.8. Sayari huiyumbisha nyota yake kidogo, na kuyumba huko ndiko kulikopimwa. Kilele kilikuwa wazi. Data zilikuwa nzuri, watafiti walikuwa hodari, na kwa miaka sita hesabu hiyo ikawa inatumika. Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky wakarudi kwenye safu ya kwanza. Safu ya saa. Wakauliza: mlipima lini?

Fuateni hesabu hii pamoja nami, ni ya kutoa na kugawa tu. Tuseme kipindi cha kweli ni siku 0.7365. Basi sayari inafanya mizunguko 1.358 kwa siku. Darubini inaitazama nyota mara moja kwa usiku, nyota ikiwa imepanda vizuri angani. Na nyota hurudi mahali pake angani kila baada ya saa 23 na dakika 56, yaani mara 1.0027 kwa siku. Kati ya usiku mmoja na unaofuata, sayari imemaliza mzunguko mzima ambao hakuna aliyeuona, na kipande. Mtazamaji anakiona kile kipande tu. Toa 1.0027 kwenye 1.358. Inabaki 0.355. Gawa 1 kwa 0.355. Unapata siku 2.8!

Mnaona? Siku 2.8 hazikuwa kelele. Sayari ilikuwepo kweli, mwendo wake ulikuwepo kweli, lakini kipindi kilikuwa pacha wa kipindi halisi, aliyezaliwa na mzunguko wa dunia yetu wenyewe. Dawson na Fabrycky walitofautishaje pacha na mwenyewe? Walichukua saa halisi za vipimo. Wakatunga wimbi safi la siku 2.8 na kulipima kwenye saa hizo. Wakatunga la siku 0.7365 na kulipima vilevile. Kila wimbi likaleta familia yake ya vilele, vikubwa na vidogo, kila kimoja na urefu wake na awamu yake, yaani mahali wimbi lake linapoanzia. Kisha wakaweka familia hizo kando ya ile ya data halisi. Iliyofanana ilikuwa ya siku 0.7365, yaani saa 17 na dakika 41 hivi. Mwaka 2011 satelaiti ya Canada iitwayo MOST, pamoja na darubini ya anga ya Spitzer, zikaiona sayari hiyo ikipita mbele ya nyota yake, na kipindi kilikuwa saa 17 na dakika 41.

Nimewaambia kisa ambacho kipindi kilikosewa. Kiko kizito zaidi. Oktoba 2012 ilitangazwa sayari kwenye Alpha Centauri B, miongoni mwa majirani wa karibu kabisa wa Jua letu. Vipimo 459 vya HARPS, kifaa kinachopima mwendo wa nyota, kule La Silla nchini Chile. Nyota ilionekana kuyumba kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, kila siku 3.24. Mnaweza kufikiri furaha iliyokuwepo. Hata mimi nakiri kwamba habari ile ilikuwa nzuri kuisikia, na sidhani kuna anayestahili lawama, kwa sababu watafiti wale walichapisha data yao yote, na bila hilo kisa hiki kisingekuwa na sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ni hii. Mwaka 2015 Vinesh Rajpaul, Suzanne Aigrain na Stephen Roberts wa Oxford walitunga data ya kubuni ambayo haikuwa na sayari yoyote. Waliweka mabadiliko ya nyota yenyewe, wakaweka kelele, na wakaweka saa zilezile halisi za vipimo. Wakaipitisha kwenye uchambuzi uleule. Kilele cha siku 3.24 kikatokea. Hakuna sayari ndani, na kilele kipo! Kilikuwa kimejificha kwenye mpangilio wa saa tangu mwanzo, kimefunikwa na mabadiliko makubwa ya nyota. Yalipoondolewa yale makubwa, kikabaki hicho.

Ndugu zangu, kuona alama ya saa zako hakuhitaji mtambo. Chukua orodha yako, futa thamani zote, weka 1 kila mahali. Hesabu nguvu ya Fourier, yaani urefu wa vilele, ya hizo moja, kwenye saa zako. Unachokipata kinaitwa dirisha la vipimo, na Deeming alilieleza tangu mwaka 1975. Kama dirisha lina kilele kwenye mara 1 kwa siku, basi kila ishara ya kweli itazaa watoto, yaani vilele bandia, upande wa kushoto na wa kulia, umbali wa 1 kwa siku. Kama lina kilele kwenye mwaka au kwenye mwezi (darubini nyingi hupanga kazi kufuata mwanga wa mwezi), itazaa watoto wa mwaka na wa mwezi. Ujue sura zao kabla hujakutana nao.

Niseme mawili kwa haraka, maana ndipo vijana wengi wanapoangukia. La kwanza: upana wa kilele unategemea urefu wa muda wote uliopima. Ukipima kwa miaka 10, siku 3,650, kila kilele kina upana wa sehemu moja ya 3,650 ya mzunguko kwa siku. Ukitafuta hadi mizunguko 10 kwa siku, kuna nafasi ya vilele 36,500, na kila kimoja kinahitaji walau nukta tano za masafa ili usikiruke. Nukta zaidi ya 180,000. Aliyetumia 10,000 kwa sababu programu ilizipendekeza, anaweza kuipita ishara yake bila kuiona. Kompyuta haitalalamika, Press na Rybicki walitupa njia ya haraka ya hesabu hii mwaka 1989.

La pili linatokana na hilo hilo. Katika kelele tupu, uwezekano wa masafa moja kufikia nguvu ya 10 kwa vipimo vya kawaida vya periodogramu ni mara moja katika 22,000. Inasikika kama uhakika. Lakini umeuliza mara 36,500! Piga hesabu: uwezekano wa kukiona kilele kama hicho mahali fulani, bila ishara yoyote, ni karibu asilimia 81. Kwa hiyo usiripoti urefu wa kilele bila kusema ulitafuta wapi kote. Na kama huamini fomula, changanya thamani zako ovyo huku saa zikibaki pale pale, rudia mara elfu, uone kelele peke yake inafika wapi. Ila kumbuka kwamba jaribio hilo linajibu swali moja tu, yaani kama kuna kitu. Halijibu kama kipindi ni chenyewe au ni pacha. Ile 55 Cancri ingelifaulu jaribio hili bila shida.

Msiondoke mkidhani kutolingana ni balaa tupu. Ukipima kwa hatua sawa, masafa yote yanayozidi nusu ya kasi yako ya kupima yanajikunja na kufanana kabisa na ya chini, na hakuna hesabu ya kuyatenganisha. Saa zikitawanyika, mkunjo huo unavunjika. Ndiyo maana nyota za aina ya RR Lyrae, zinazobadilika kwa takriban nusu siku, hugunduliwa katika data ambazo kila nyota imepimwa mara moja kwa siku kadhaa. Kilichoharibu kule 55 Cancri ni ule utaratibu wa kila usiku, saa ileile ya anga. Mapengo peke yake yasingefanya hivyo.

Hivyo basi, mwenye uwezo wa kuchagua saa zake na azichague. Wanaochunguza mitetemo ya Jua, ambayo hurudi kila dakika 5 hivi, walichoka na usiku unaokata data yao kila siku na kuzaa vilele vya pembeni. Mwaka 1995 ulianza kazi mtandao wa darubini za Jua uitwao GONG, wenye vituo sita, vya California, Hawaii, Australia, India, Tenerife na Chile, ili Jua linapozama huku liwe limeshachomoza kule. Wewe pengine una chombo kimoja, na mahali pamoja. Hata hivyo, kabla ya kuanza msimu, andika saa unazokusudia kupima, weka 1 kwenye kila saa, chora dirisha. Ukiona kilele kikubwa kwenye mara 1 kwa siku, hamisha baadhi ya vipimo: vingine mwanzoni mwa usiku, vingine kabla ya kupambazuka, na usiku mmoja mmoja pima mara mbili kwa kuachana saa tano au sita. Chora tena. Usiku mmoja wa vipimo viwili vilivyoachana hivyo ungetosha kuonyesha kwamba sayari ya 55 Cancri imekwenda theluthi ya mzunguko wake, wakati ile ya siku 2.8 isingefika hata sehemu ya kumi.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye data yake hapa aje mbele nayo, tufungue safu ya kwanza tuitazame pamoja.